Nguzo ya Malindi

Leo mchana nimefika Malindi, kwenye ile nguzo ya Vasco da Gama. Mawe ya matumbawe, msalaba juu, na chini bahari inapiga miamba.

Aprili 1498 Mreno huyu alitia nanga hapa. Mombasa walikuwa wamemtilia shaka. Sultani wa Malindi akampokea, akampa rubani aliyeijua njia ya India.

Waling'oa nanga tarehe 24, kusi, upepo wa kuelekea India, likianza. Tarehe 20 Mei walikuwa wamefika pwani ya Calicut.

Hata mwezi haukutimia!

Wakati wa kurudi hawakungoja kaskazi, upepo wa kuwarudisha Afrika. Wakahangaika baharini karibu miezi mitatu, na mabaharia wengi wakafa kwa kiseyeye.

Hapo ndipo nilipokwama, jamani. Njia iliyowafungulia Wareno biashara ya viungo ilikuwa tayari inajulikana na mabaharia wa bahari hii. Nguzo inamtaja mgeni, rubani hayupo.

Kisha 1505 wakarudi na mizinga, Kilwa na Mombasa zikaporwa. Inaniuma mpaka sasa.

Ndugu zangu wa pwani, wazee wenu waliwasimulia nini kuhusu safari za majahazi? Niandikieni hapa chini, nitasoma zote.