Mwaka wa kwanza kazini, na wewe nani anakusikiliza?

Juzi mdogo wetu mmoja aliyemaliza digrii ya saikolojia hapa Kampala alinitumia meseji saa tano usiku. Anaanza kazi mwezi ujao kwenye makazi ya wakimbizi na anauliza achukue kozi gani kwanza, ile ya trauma, yaani majeraha ya akilini, ama ile ya watoto, manake pesa inatosha moja tu. Nikamjibu kwa voisi ya dakika kumi na moja, alafu asubuhi nikaona bora niyaandike hapa maana si yeye peke yake anayeuliza hivo.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndio lugha iliyonilea. Baba alikuwa polisi, sisi watoto wa kambi ya Naguru tulicheza na kugombana kwa Kiswahili, na leo ndicho ninachofanyia kazi ya ushauri nasaha na wakimbizi wa Kongo kule makazi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro.

Jibu langu lilikuwa hili: mdogo wangu, kozi itangoja. Hiyo pesa iweke kwanza kwa mtu wa kukaa na wewe kila mwezi mkapitia kesi zako.

Ngoja nieleze nilikotoka. Mwaka wangu wa kwanza niliajiriwa na shirika fulani, sitalitaja, na kwenye kontrakti iliandikwa kabisa kwamba nitapata supavisheni, yaani mtu mwenye uzoefu wa kupitia nami kesi zangu. Nikafurahi. Kumbe supavisheni yenyewe ni kila mwisho wa mwezi bosi anafungua laptopu anauliza umeona wateja wangapi, wanawake wangapi, watoto wangapi, fomu ziko wapi, asante endelea. Bosi hakuwa mtu mbaya, naye alikuwa anadaiwa hizo namba na wafadhili. Lakini hakuna hata siku moja aliyeniuliza nilimwambia nini yule mama, na nilipomwambia akanyamaza nilifanyaje.

Sasa kuna huyo mama. Nimebadilisha mambo yake ili asijulikane, lakini kilichonipata mimi ni hicho hicho. Tulikuwa tunakaa kwenye chumba cha mabati, mchana mvua ikaanza kwa nguvu mpaka sauti hazisikiki, ikabidi tunyamaze tuangaliane tu. Alikuwa anakunja pembe ya kitenge chake, anaikunjua, anaikunja tena. Tulikuwa tumefika swali la tisa la PHQ-9, fomu ya maswali tisa ya kupima sonona, lile la kama katika hizi wiki mbili umewaza kwamba heri ungekufa, na alikuwa ameshajibu kabla mvua haijazidi, akasema siku nyingine ndiyo. Mvua ilipopungua akaniangalia akasema, "Mwanangu, umechoka, eh?"

Nilifanya nilichofundishwa. Nilimuuliza zaidi, tukaandika pamoja nani atakaa naye, nikamjulisha mhudumu wa kituo cha afya kwa ruhusa yake. Lakini kurudi nyumbani Mbarara usiku huo nikawa najiuliza kila hatua, je nilimuuliza vizuri, je nilimtisha, je kesho nitamkuta? Na sikuwa na mtu wa kumpigia. Namba zote kwenye simu yangu zilikuwa za watu ninaowaripotia, hakuna hata moja ya mtu wa kunisaidia kufikiri.

Saa nne usiku nikajipa moyo nikampigia mwalimu wangu wa chuo, ambaye wala hakuwa na wajibu wowote juu yangu tena. Akasema, "Nyabo, kaa chini kwanza. Umekula?" Sikuwa nimekula. Akaningoja nikachukua chapati, alafu akaanza kuniuliza taratibu, huyo mama ana mpango au ni mawazo yanapita, usiku huu analala na nani, pale nyumbani kuna kitu anachoweza kujidhuru nacho na nani amekubali kukiweka mbali. Mbili nilikuwa nimezifanya, ya tatu nilikuwa nimeisahau. Asubuhi ndio kitu cha kwanza nilichokwenda kukifanya na mama akashukuru, dada yake akavichukua vile vitu. Zile dakika arobaini za simu zilinifundisha kuliko semina ya siku tano na posho yake.

Na kuna jambo linaloniuma mpaka leo nikilifikiria. Hapa hapa Uganda ni moja ya mahali dunia ilikojifunza kwamba mtu wa kawaida asiye mtaalamu wa afya ya akili akifundishwa na akasimamiwa vizuri anaweza kumsaidia mwenye sonona. Utafiti wa Rakai na Masaka uliochapishwa 2003 ulifanywa kwenye vijiji 30, vikundi vya tiba ya maongezi vilikaa kila wiki kwa wiki 16, na viongozi wa vikundi walikuwa watu wa hapo hapo wanaoongea Luganda. Kule Rhino Camp, West Nile, wanawake wa Sudan Kusini karibu 700 waliingia kwenye utafiti wa Self-Help Plus, mafunzo ya kikundi ya kukabili msongo wa mawazo, majibu yakatoka 2020, wale waliopata huduma walikaa vikao vitano vya kusikiliza rekodi kwa lugha yao na wasaidizi wa kawaida tu wakiongoza. Ukisoma miongozo ya kazi za namna hii, kama ile ya WHO, Shirika la Afya Duniani, inayoitwa Problem Management Plus, ya kumsaidia mtu kukabili shida na msongo, supavisheni iko mle ndani kama sehemu ya huduma yenyewe. Yaani msaidizi wa kijiji anatengewa mtu wa kumsikiliza kila mara, alafu mimi mwenye digrii na kesi nzito kuliko zake naachwa peke yangu kwa sababu eti nimesoma. Hilo si sawa na nalisema kwa watu wanaoandika bajeti: wekeni mstari wa supavisheni, uwe na pesa na masaa yake, msiuchanganye na ripoti ya mwezi.

Ila wewe mdogo wangu usingoje bajeti. Sisi hatukungoja. Tulikuwa sita, wote tuko kati ya Mbarara na Isingiro, wote chini ya miaka mitatu kazini, tukafanya kama mama zetu wanavyofanya nigiina, ule mchango wa kikundi, kila mtu anatoa shilingi 20,000 kwa mwezi inakuwa 120,000, tukamuomba mwanasaikolojia aliyetutangulia miaka mingi aje akae nasi masaa mawili Jumamosi ya kwanza. Mwanzo alikataa kupokea pesa, tukamsihi apokee, manake kitu cha bure huku kwetu kinaahirishwa. Tangu tuanze tumekosa mara mbili tu.

Namna tunavyofanya ni rahisi. Kila kikao wawili wanaleta kesi, kila mmoja ana karatasi moja tu, hakuna jina la mteja wala block anayokaa. Unaandika mtu huyu amekuja na shida gani kwa maneno yake mwenyewe, wewe umefanya nini mpaka sasa, umekwama wapi, na mwisho kabisa, hii kesi inakufanya nini wewe. Hiyo ya mwisho ndiyo watu wanairuka, na ndiyo supavaiza wetu anaanzia. Kuna mwenzetu alileta kesi ya baba anayepiga watoto, ameeleza vizuri kabisa, alipofika pale mwisho akaandika "sitaki arudi". Tukakaa kwenye maneno hayo mawili saa nzima. Akagundua kwamba alikuwa anampangia yule baba siku za mbali mbali bila kujua, wiki tatu, mwezi, na wale watoto walikuwa wanaendelea kupigwa. Peke yake asingeliona hilo.

Kwenye grupu la WhatsApp hatuandiki kesi kamwe. Ni la kupanga saa na mahali, basi. Simu inaibiwa, simu inashikwa na mtoto, na tangu 2019 tuna sheria ya kulinda taarifa za watu, lakini hata isingekuwepo, yule mama hakuniambia siri zake ili zikae kwenye simu sita.

Kuhusu vitu vya kusoma, vya bure viko vingi kuliko watu wanavyodhani. Mwongozo wa mhGAP wa WHO, wa kuhudumia shida za afya ya akili pasipo na mabingwa, pakua kwenye simu ukiwa kwenye waifai ili usimalize bando, uusome mpaka ujue kurasa za kujiua kwa kichwa. WHO na UNICEF wana EQUIP, ni vifaa vya kupima ujuzi wa msaidizi, na sisi tunavitumia kuigiza, mmoja anakuwa mteja, mmoja anasaidia, wengine wanaangalia kama alisikiliza kweli au alikimbilia ushauri. PHQ-9 ni ya bure. ProQOL pia ni ya bure, maswali 30 yanayokuhusu wewe mwenyewe mfanyakazi, inakuonyesha kama uchovu na maumivu ya wateja yameshaanza kukuingia. Tunajaza kila miezi mitatu. Makala za kulipia, uliza maktaba ya chuo chako kuhusu Research4Life, mpango wa kusoma majarida ya kitaalamu bure au kwa bei nafuu, nchi yetu imo. Jiunge na Uganda Counselling Association, hata kama ni kwa ajili ya kujua nani yuko wapi tu. Na soma Sheria ya Afya ya Akili ya 2018, hasa haki za mgonjwa na jinsi mtu anavyoweza kulazwa bila ridhaa yake, manake siku moja polisi watakuletea mtu amefungwa kamba na wewe ndiye utakayeulizwa. Ujue pia kwamba sheria yetu ya jinai bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Watu wanalijua hilo, ndio maana wengine wanalijibu swali la tisa wakiangalia mlango.

Na jambo la lugha, hili nitalisema kwa kirefu kidogo kwa sababu chuoni hatulifundishwi. Wale watafiti wa Rakai na Masaka kabla ya kuanza waliuliza watu wenyewe wanaitaje hali hii, wakapata okwekubazida, mtu kujihurumia, na okwekyawa, mtu kujichukia. Hawakuanza na neno la kizungu. Mimi Nakivale nilianza na Kiswahili cha kwenye fomu, "unahisi huzuni, mfadhaiko au kukata tamaa", na wakina mama wananiangalia tu kwa heshima. Wao wanasema "niko na mawazo mingi, kichwa inazunguka, usingizi hakuna". Mawazo mingi, hapo ndipo pa kuingilia. Siku nilipoacha kusahihisha Kiswahili chao ndani ya kichwa changu na kuanza kuuliza "hayo mawazo yanakuja saa gani?", watu walianza kuongea. Kakitabu kangu ka maneno kana kurasa kama thelathini saa hii, na mkalimani wetu mmoja mzee ndiye mwalimu wangu mkubwa kwenye hilo. Wewe unayeanza, nunua kakitabu siku ya kwanza. Na mkalimani mpe kiti na soda kama mtu wa kazi moja na wewe, naye anayasikia yale yale unayoyasikia wewe, tena anayatamka kwa mdomo wake.

Kozi sizikatai, nimesoma na nitasoma tena. Ninachokataa ni kuona wenzangu wana vyeti nane ukutani na hawajawahi hata mara moja kumsomea mtu mwingine walichomwambia mteja. Wawili niliosoma nao wameshaacha kazi hii kabisa, mmoja anauza nguo Mbarara mjini, na alikuwa bora kuliko mimi darasani. Aliniambia hakuchoshwa na wateja. Alichoshwa na kurudi nyumbani nao kila siku bila pa kuwaweka.

Walio upande wa Mbarara na Isingiro wanaotaka kuanza kikundi chao niandikieni, fomu yetu ya karatasi moja nitawapa. Sita wanatosha, mkizidi nane mtu anakaa miezi bila zamu. Jumamosi hii zamu ni yangu, karatasi nimeijaza yote isipokuwa pale mwisho, na mvua ya huku imeanza tena tangu jana.