Nilivyozipima simu tatu kujua kama zinatusikiliza barazani

Chanzo cha majaribio haya ni ule ujumbe wa kusambazwa: "Piga *#21# sasa hivi ujue kama simu yako inasikilizwa." Umepita kila kundi la WhatsApp Lamu hii, kuanzia Mkomani mpaka Shela, na kila aliyepiga amerudi na hofu kwa sababu ameona maneno ya Kiingereza asiyoyaelewa. Namba hiyo haihusiani na kusikilizwa. Inauliza mtandao swali moja tu: je, simu zinazopigwa kwangu zinaelekezwa kwenye namba nyingine? Ukijibiwa hakuna, basi hakuna. *#62# inauliza hivyo hivyo kwa wakati simu imezimwa au haina mtandao, na hapo wengi huona namba ya kisanduku cha sauti cha kampuni yao wakadhani wamemnasa jasusi. Mwenye wasiwasi apige ##002#, uelekezaji wote ufutike, alale.

Kisha ukaja ushauri wa selotepu kwenye kitundu cha maikrofoni. Simu nyingi za siku hizi zina maikrofoni mbili au zaidi, moja chini ya kusemea na nyingine juu ya kupunguza kelele, kwa hivyo selotepu itakachofanya ni kumnyima sauti yule unayezungumza naye. Na wa tatu ukawa programu ya "kuzuia majasusi". Nilizisoma ruhusa zake kabla ya kuiweka: orodha ya namba, SMS, maikrofoni, mahali ulipo, na ufikivu, yaani uwezo wa kusoma chochote kilicho kwenye skrini. Sikuiweka, na nimewakataza nyumba nzima.

Hofu yenyewe siidharau. Mwaka 2019 ilijulikana kwamba Apple na Google huwapa wafanyakazi wa kandarasi vipande vya sauti za watu wavisikilize ili kuboresha wasaidizi wao wa sauti, na vingine vilinaswa bila mtu kumwita huyo msaidizi. Apple iliomba radhi Agosti mwaka huo, na Januari 2025 ikajulikana imekubali kulipa dola milioni 95 kumaliza kesi ya Siri, yaani msaidizi wake wa sauti. Habari hiyo ilitufikia kana kwamba Apple imekiri kuuza maongezi kwa wenye matangazo. Haikukiri kosa lolote. Upande wa pili, watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walichunguza programu 17,260 za Android na kutoa matokeo mwaka 2018. Hawakukuta inayowasha maikrofoni kisirisiri na kupeleka maongezi nje. Walichokuta ni baadhi ya programu zinazopiga picha na kurekodi video za yale mtu anayoyafanya kwenye skrini, na kuzipeleka kwa kampuni nyingine. Hilo halikusambazwa kwenye kundi lolote nililomo.

Basi nikaamua kupima kwa simu zetu wenyewe.

Nilichukua simu tatu zinazotumika kila siku, kila moja na akaunti ya mwenyewe. Usifanye kwa akaunti mpya, kwa sababu mfumo wa matangazo haujamjua mtu huyo na utamletea chochote. Zote ziwe Android 12 kwenda juu, maana kuanzia hapo kitone cha kijani hutokea pembeni juu ya skrini maikrofoni au kamera inapotumika, na ukiingia Mipangilio, kisha Faragha, utakuta dashibodi inayoonyesha programu gani ilitumia maikrofoni katika saa 24 zilizopita.

Jaribio la kwanza lilikuwa la jaketi la theluji. Siku tatu tulizungumza theluji, hakuna tangazo lililokuja, barazani wakasema mambo yamekwisha. Nikaufuta ukurasa wa jaribio hilo daftarini. Tangazo huja pale penye mwuzaji aliyelipa, na hakuna anayelipa ili watu wa Pwani ya Kenya waone jaketi la theluji. Ukimya wa namna hiyo haupimi kitu. Bidhaa ya kupimia lazima iwe inatangazwa sana hapa nchini, na wakati huo huo mtu yeyote wa nyumba ile asiwe na haja nayo.

Bima ya gari inazo sifa zote mbili. Mji wa kale hubebewa mizigo na punda na mikokoteni, vichochoro havipitishi gari, na nyumba yetu haijapata kumiliki hata pikipiki. Nikazigawa simu hivi. Ya kwanza katikati ya baraza, maikrofoni ruksa kwa kila programu inayoitaka. Ya pili ubavuni mwake, maikrofoni imefungwa kabisa kwa ile swichi ya Android inayoifungia kila programu. Ya tatu niliifungia chumba cha ndani kabisa, kuta nene za mawe ya matumbawe, mlango umefungwa, redio hakuna. Kila baada ya isha, dakika ishirini: bima kubwa, bima ya mtu wa tatu, ajali, madai, bei. Tulisema kwa Kiswahili sanifu na Kiingereza, tukakiacha Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, ili mashine isije ikasingizia lugha. Asubuhi na usiku nilipitia machapisho 50 ya mtandao wa kijamii kwenye kila simu na kuandika kila tangazo daftarini: saa, simu ipi, nani anatangaza, anatangaza nini.

Siku ya pili jioni bima ya gari ikatokea. Ilitokea kwenye simu ya tatu, ile ya chumbani, ambayo haikusikia hata neno. Asubuhi yake ikatokea kwenye ya kwanza. Ya pili, iliyofungwa maikrofoni, ikaipata siku hiyo hiyo mchana. Lau nisingekuwa na ile simu ya tatu, ningetoka pale naapa kwamba simu zinatusikiliza, na daftari ningewaonyesha watu.

Nilianza na vitone vitatu vya pembeni mwa tangazo, kwenye "Kwa nini ninaona tangazo hili". Nikajibiwa umri, Kenya, na kwamba mtangazaji anawatafuta watu wanaopendelea mambo ya magari. Nikaanza kuuliza nyumba nzima, mmoja mmoja, nani ameshika nini tangu juzi. Ami ndiye aliyenipa jibu. Akaniambia, "Mwanangu, umeniambia nizungumze bima, nami sina gari. Nikatafuta kwenye simu yangu nipate la kusema." Aliandika "bima ya gari ni nini" saa sita mchana, akafungua kurasa za kampuni mbili, akasoma bei. Simu yake haikuwa katika majaribio, lakini ilikuwa kwenye waifai ile ile. Vifaa vyote vinavyotumia ruta moja huonekana huko nje kwa anwani moja ya IP, na wenye matangazo huitumia anwani hiyo kukisia nani anaishi na nani. Ami alibisha hodi dukani, wakamfuata nyumba nzima.

Hili ndilo linalowakuta watu kila siku barazani. Wawili wanazungumza mashine ya boti, mmoja anakwenda kuitafuta, mwenzake aliyenyamaza ndiye anayeletewa tangazo, na anachokumbuka ni yale mazungumzo tu.

Mara ya tatu nilizima waifai kwenye simu zote, kila moja na bando lake, jumla kama shilingi mia tatu na ushee. Mada ikawa mashine ya kukamulia ng'ombe, na sharti nikaliweka wazi: asiandike mtu neno hilo kwenye kifaa chochote, wala asimtumie mwenzake ujumbe. Ya kusema niliyaandika kwa kalamu kwenye karatasi. Jioni tano, simu tatu, machapisho 50 asubuhi na 50 usiku. Mashine ya kukamulia haikutokea hata mara moja. Siku ya sita, bila mtu kufungua kinywa, nikaandika kwenye simu ya kwanza "bei ya mashine ya kukamulia ng'ombe" na kufungua ukurasa mmoja. Kabla ya magharibi tangazo limefika.

Nikaongeza hesabu ya data, kwa sababu kitone cha kijani hakiwaki kwa ule usikivu wa kungoja mtu amwite msaidizi wa sauti kwa "Hey Google", na sikutaka kuitegemea kauli ya kampuni peke yake. Tuseme sauti ya maongezi imebanwa mpaka kilobiti 16 kwa sekunde. Hizo ni kilobaiti 2 kwa sekunde, megabaiti 7.2 kwa saa, karibu 173 kwa siku, zaidi ya gigabaiti 5 kwa mwezi. Mwenye bando la megabaiti hamsini angeliona limekwisha kabla ya adhuhuri. Nikafungua matumizi ya data ya kila programu, upande wa yale yatumikayo chinichini, na hakuna iliyokaribia kiasi hicho. Kweli, simu ingeweza kugeuza sauti kuwa maneno humo humo ndani na kupeleka maneno machache tu, na hapo data isingekuonyesha kitu. Ndiyo maana hesabu hii peke yake haitoshi, na mtu akikuletea hiyo tu mrudishe kwenye daftari la matangazo. Na simu zangu ni tatu. Nazisemea hizo tatu.

Ila kilichonitia uchungu kilikuwa kwenye dashibodi ile ile, mistari michache mbali na maikrofoni. Mahali. Kwenye simu niliyoiweka akaunti ya ami, programu yake ya nyakati za sala ilikuwa imeomba mahali alipo mara kadhaa kwa siku, na ruhusa yake ilikuwa "Wakati wote". Novemba 2020 jarida la Motherboard la Marekani liliandika kwamba Muslim Pro, programu ya sala iliyopakuliwa na mamilioni ya Waislamu, ilikuwa ikipeleka mahali walipo watumiaji kwa kampuni iitwayo X-Mode, na X-Mode ikiwauzia makandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro wakatangaza wameukata uhusiano huo. Januari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikaipiga marufuku X-Mode, ambayo sasa inaitwa Outlogic, kuuza taarifa za watu kufika sehemu nyeti, nyumba za ibada zikiwemo. Watu wanahangaika na selotepu, na huku simu inaeleza kila msikiti walioingia na kila nyumba waliyolala.

Kwa hiyo nilichofunga ni hiki, simu kwa simu. Mipangilio, Mahali, Ruhusa za programu: hakuna iliyobaki kwenye "Wakati wote". Ramani iko "Wakati unatumia programu", na "Mahali mahususi" nimezima kwa zote isipokuwa hiyo ramani. Programu ya tochi ilikuwa na ruhusa ya kusoma orodha ya namba za watu. Tochi iko kwenye simu yenyewe tayari, nikaiondoa hiyo ya kupakua. Mipangilio, Google, Matangazo, "Futa kitambulisho cha matangazo": ukikifuta, programu zikikiuliza hupewa sifuri tupu. Usibonyeze "Weka upya", hiyo hukupa kingine tu na safari inaanza tena. Kwenye Facebook tafuta sehemu ya shughuli zako nje ya Meta, kampuni yenye Facebook, ukate uhusiano wa zile za zamani na uzuie zijazo. Hatua ni mbili, ya zilizopita na ya zijazo. Wengi hufuta ya kwanza wakaiacha ya pili. WhatsApp zima nakala rudufu ya Google Drive au iwekee nenosiri, kwa sababu ujumbe unafungwa njiani lakini nakala ile bila nenosiri haifungwi hivyo.

Sala haihitaji GPS. Programu nyingi hukubali uandike mji kwa mkono, na zile ambazo Lamu haimo huwa na Mombasa: adhuhuri ya Lamu hutangulia ya Mombasa kwa takriban dakika tano, kwa kuwa tuko mashariki zaidi. Kibla ndiyo rahisi kuliko yote. Lamu iko karibu chini ya Makka moja kwa moja, longitudo 40.9 kwa 39.8, na ukipiga hesabu unapata kaskazini, kama digrii mbili na nusu tu kuelekea magharibi. Dira ya simu husoma sumaku na haiombi ruhusa ya mahali. Itoe kwenye kasha la sumaku, izungushe mfano wa nane hewani mara tatu nne, usimame mbali na nondo na spika. Au utazame mihrabu ya msikiti wowote wa mtaani.

Simu ya ami ina Android 9 na haina dashibodi wala ule uchaguzi wa "Wakati unatumia programu". Yale ya mahali niliyaona kwa kuweka akaunti yake kwenye simu nyingine kwa siku mbili. Humo kwake ruhusa ni ndiyo au la, kwa hiyo nimezima Mahali kwa simu nzima kutoka juu ya skrini, na nimemwonyesha mahali pa kuiwasha akivuka kwenda Mokowe, bara.