Beseni moja kabla ya deki

Siku mwanangu wa miaka 4 alipopindua bidoni, dumu la maji, uani, nilimpigia kelele mpaka jirani akachungulia. Lita 20 zote, zilizopanda kutoka ziwani kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, na kijana wa chukudu nilikuwa nimemlipa dakika hiyohiyo. Tunakaa Mabanga hapa Goma, mashariki mwa Kongo, mtaa ambao hata jina lake kwa Kilingala ni mawe, na mawe ya volkeno yana kiu: kabla sijaiinua bidoni, maji yalikuwa yameshapotea kwenye nyufa. Mtoto alichuchumaa akitazama palepale.

"Mama, mayi imeenda wapi?"

Sikumjibu. Lakini usiku swali lile lilinirudia, maana miaka yote hii napita juu ya mawe hayo na sikuwahi kujiuliza.

Shida ni kwamba maji tunanunua, tena kipindupindu tunakijua. Kumpa mtoto maji achezee niliona ni sawa na kumpa unga achezee. Nilichobadili mwishowe ni zamu tu. Kila Jumamosi napiga deki kwa beseni moja. Sasa beseni hilo linapita kwa watoto kwanza, halafu ndipo linakwenda sakafuni. Hesabu ya maji nyumbani haikuongezeka hata kikombe. Nachukua yale yaliyotiwa klorini hukohuko ziwani, kwa sababu mdogo ana miaka 2 na kila kitu anapeleka mdomoni. Mvua ikinyesha natega chini ya bati, ila ya mwanzo naiacha kwanza ioshe vumbi na majivu ya mlima.

Jumamosi ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Nilikaa nawaelekeza, mimina hapa, shika hivi, na baada ya muda mfupi wote wawili wakaondoka. Iliyofuata nikavuta kigoda, nikachambua maharage, nikafunga mdomo.

Nilikuwa nimewatobolea chupa tupu kwa msumari, tundu moja dogo chini. Mkubwa akaijaza, maji yakachuruzika. Akakaza kifuniko, yakasimama. Akafungua, yakatoka. Alirudia na kurudia, uso umekunjamana kama fundi wa radio. Ulimi uliniwasha kumweleza habari za hewa, nikajizuia. Mwishowe akamgeukia mdogo wake: "Ukifunga kule juu, mayi inakataa kutoka. Inangoja upepo." Nilitamani kumkumbatia, lakini niliogopa kumkatiza.

Mdogo alipenda mawe. Alitumbukiza kipande cha yale mepesi yenye vitundu, mapovu yakapanda mfululizo. "Inapumua!" kaka yake akapiga kelele. Basi wakaleta jingine, na jingine, mpaka beseni likawa mawe matupu.

Na ukuta wa ua, ule wa mawe, ukawa daftari. Jiwe kavu ni la kijivu. Likilowa linakuwa jeusi tii. Kwa kidole na kitambaa walichora chukudu, magurudumu mawili na usukani, na kabla hawajamaliza mzigo jua lilikuwa limeshafuta gurudumu la nyuma. Nilidhani watalia. Wakaanza upya, kubwa zaidi.

Jambo moja silegezi: siondoki pale. Mtoto mdogo anazama kwenye maji ya sentimita chache tu, na anazama kimya. Simu ikilia ndani, ilie. Wakimaliza, beseni linakwenda kwenye deki papo hapo, nao wananawa mikono kwa sabuni. Pipa la akiba lina kifuniko kizito.

Jumamosi iliyopita mkubwa alichota kikombe, akakimwaga taratibu juu ya ufa uleule wa siku ya bidoni, kisha akalala kifudifudi na kuweka sikio.

"Mama, kuja usikie. Inashuka."

Nikaweka maharage chini, nikalala kando yake.