Jumamosi za mama wa viti

Kikundi chetu hakikuwa na jina wala katiba. Tulikuwa vijana wa DIT, chuo cha teknolojia cha Dar es Salaam, wawili watatu wa Chuo Kikuu cha Mlimani, fundi redio mmoja wa Kariakoo aliyetuzidi sote umri na ujuzi, na mimi niliyekuwa nauza duka la vifaa vya ofisi. Kilichotukutanisha ni ugonjwa wa kufungua vitu. Huyu ana Arduino, kile kibao kidogo cha kielektroniki unachokiandikia programu, yule ana redio ya mkulima ya babu yake, mwingine alikuwa anahangaika na kifaa cha kupima maji kwenye simtanki ili pampu ijizime yenyewe. Mwanzoni mwa 2017 tulikuwa tunakutana barazani kwa mwenzetu mmoja, Sinza, mpaka dada yake akachoka kukanyaga vipande vya waya akiwa peku.

Tukaanza kutafuta chumba. Tulikuwa tumesoma habari za c-base ya Berlin, chama cha wapenzi wa kompyuta chenye ukumbi wao wa kuchezea mitambo, ambacho kipo tangu 1995: wanachama wanatoa ada kila mwezi, chama kinalipa kodi, maisha yanaendelea. Tukapiga hesabu. Watu ishirini, elfu kumi kila mmoja, ni laki mbili kwa mwezi, na fremu za laki mbili zilikuwepo. Kwenye karatasi tulishahamia.

Dalali alituamsha. Kwanza alitaka hela yake ya kutuonyesha, hata kama hatukupenda tulichoonyeshwa. Kisha mwenye fremu akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali akataka ya mwezi mmoja iwe yake. Hiyo ni milioni moja na laki nne kabla hujanunua hata stuli. Wa Berlin anachanga kwa mwezi na anadaiwa kwa mwezi. Sisi tulichanga kwa mwezi tukadaiwa nusu mwaka, tena kabla hatujajua kama tutaendelea kupatana.

Na wenye nyumba walituogopa. Swali la kwanza lilikuwa lilelile kila tulikokwenda: mnauza nini? Hatuuzi kitu. "Vijana wote hawa, kompyuta, mawaya, na hamuuzi kitu?" mzee mmoja aliuliza, akaanza kufunga geti huku bado tunaongea. Sikumlaumu. Miaka ile kila mtu alikuwa amepata zile meseji za "tuma kwenye namba hii".

Watu wakatuelekeza Buni Hub, kituo cha kulea biashara changa za teknolojia, kwenye jengo la COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, pale Sayansi. Tulikwenda, tukapokelewa vizuri, na kama tungekuwa na wazo la biashara tungebaki. Ila sisi tulitaka kona ya kuacha redio imefumuliwa leo na kuikuta imefumuliwa vilevile wiki ijayo, bila mtu kutuuliza soko lake ni nani.

Ni yule fundi aliyemkumbuka mama mmoja wa hapohapo Sinza, aliyewahi kumtengenezea amplifaya. Mama alikuwa anakodisha viti, maturubai, masufuria na majukwaa ya maharusi. Tukamfuata jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Shughuli lini?"

Alidhani tunaoa. Tukamweleza kwamba tunataka ghala.

"Ghala lina viti."

"Jumamosi halina, mama," fundi akasema.

Na kweli. Jumamosi asubuhi kirikuu inapakia, viti vinakwenda harusini, vinarudi Jumapili. Katikati hapo ghala ni sakafu tupu, taa mbili na feni. Tukamuuliza mwezi anataka shilingi ngapi.

"Mwezi wa nini? Hapa hata kijiko kinakodishwa kwa siku."

Elfu kumi na tano kwa Jumamosi, tunalipa siku hiyohiyo. Tusipokuja, hatudaiwi. Na juu ya kabati la sahani tukapewa rafu moja ya kuacha vitu vyetu. Nimefikiria sana tangu wakati ule: ni yeye pekee mjini aliyekuwa anauza nafasi kwa kipimo tulichoweza kununua, kwa sababu ndiyo biashara aliyoizoea.

Ilibaki luku. Aliposikia neno pasi za kulehemu, aliona pasi za nguo. Fundi akaomba friji na televisheni vizimwe, akampeleka mama mbele ya mita. Imeandikwa juu yake kabisa: kile kitaa chekundu kikiwaka mara 1,000 ni uniti moja. Tukachomeka pasi zetu sita, za wati 40 kila moja. Kitaa kikawaka. Tukasubiri. Kama sekunde kumi na tano zikapita kikawaka tena. Tukazichomoa, tukachomeka birika lake la chai, wati 2,000, kitaa kikaanza kuwaka kila baada ya sekunde mbili. Mama akaligeukia birika kama mtu aliyemkamata mwizi ndani kwake.

"Kumbe anayenila ni huyu!"

Februari yote ilikuwa raha. Halafu tarehe 1 Machi ikaingia Kwaresma. Harusi zikakatika, viti vikalala ghalani vimepangwa hadi darini, sisi tukawa nje. Mama akatufungia turubai uani bila malipo, maana nalo lilikuwa limekaa tu. Lakini ilikuwa masika. Kulehemu chini ya turubai linalovuja, na ekstensheni imening'inizwa kwenye mgongo wa kiti isiguse maji, sikushauri mtu.

Kilichotuokoa ni misiba, ambayo haina msimu. Mama alikuwa anapiga simu, hata katikati ya wiki: kuna msiba mtaa wa pili, viti vimetoka, njooni. Hakuna aliyeipenda ile simu, na hakuna aliyekosa kuja. Baada ya Pasaka tukapata nafuu fupi, kisha mwishoni mwa Mei ikaingia Ramadhani, tukarudi kusubiri simu.

Baada ya Idi harusi zilirudi kwa kishindo, na mama naye akapandisha: elfu ishirini. Fundi hakubishana. Alimuuliza tu zile taa za jukwaa zilizoungua, seti nzima, anategemea kumpelekea nani. Ikabaki kumi na tano.