Kwani inamuuma?

Tangu Jumapili hadi leo ni siku ya tano, na linalonizuia kulala ni neno moja: kwani. Wiki hii baba watoto kaanza kazi mpya, Mdogo kamaliza siku zake za kwanza shuleni bila kulia, na kile kikao cha tathmini tulichokingoja tangu mwaka jana kimefanyika na kwisha. Hayo nitayaandika siku nyingine. Leo nina kucha tu kichwani, kucha za Mkubwa, mwanangu wa miaka sita mwenye usonji (autism), na wifi.

Wifi alilala kwetu Jumamosi, chumba kimoja na watoto. Asubuhi tukawa tunakunja mashuka.

"Wifi, mbona Mkubwa analala kafumba ngumi? Tena kazibana kwapani."

"Ni mambo ya kucha. Huwa namkata akiwa usingizini, sasa ameshajua."

"Kwani inamuuma?"

"Wifi, wewe hukai naye."

Hakujibu. Akaoanisha pembe za shuka, akakunja mara nne, akaliweka juu ya mengine, akaniuliza kama foronya ziko wapi. Basi. Hakuna aliyepandisha sauti, na mchana tuliagana vizuri.

Lakini wenye Kiswahili mnaijua "kwani". Ikisemwa kwa kushuka ni shutuma: kwani ni kitu gani hicho, si kucha tu, mbona mnamlea kama yai. Ikisemwa kwa kupanda ni swali la mtu anayetaka kujua. Herufi ni zilezile, kinachobadilika ni sauti tu. Mimi niliisikia ya kushuka. Jumatatu nzima nilikuwa namjibu wifi kimoyomoyo, nikiosha vyombo namjibu, nikimvalisha Mkubwa soksi zake kwa kuzigeuza nje ndani ili mshono usimguse vidole, namjibu. Nilikuwa na majibu mazuri sana. Kwamba ncha za vidole zimejaa neva za mguso kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya ngozi. Kwamba kikata kucha hakikati kama kisu: kwanza kinaibana kucha na kuikunja, mkunjo ule unasikika hadi kwenye nyama iliyo chini yake, ndipo inakatika kwa kishindo, na meno yakiwa butu kubana kunazidi. Kwamba mtoto ambaye ubongo wake hauchuji hisia kama wa wenzake anaupokea mshtuko huo mzima mzima. Kwa hiyo ndiyo, wifi, inamuuma.

Kilichonikera ni kwamba nilikuwa sina hakika. Miaka sita namkata kucha mtoto huyu na sijawahi kukaa chini kuchunguza ni kitu gani hasa anachokikataa.

Nieleze kwanza tulivyofika kwenye kukata usiku, maana wengine mnafanya hivyo na silaumu mtu. Tulianza akiwa na miaka minne, baada ya miezi ya kumshika watu wawili. Kumshika kwa nguvu kulifanya kila kitu kiwe kibaya zaidi, kwa sababu mwili ulioshikwa unapigana hata kama kidole hakiumi, na mara inayofuata anaanza kupigana akiona tu droo inafunguliwa. Usiku ilikuwa rahisi: dakika 40 hivi baada ya kusinzia, pumzi zikiwa za mwendo mmoja na kiganja kimelegea, taa ndogo nyuma yangu isimmulike usoni, mkono mmoja usiku huu na mwingine kesho. Ilikwenda vizuri kwa miezi saba. Kisha usiku mmoja akaamka tukiwa kidole cha sita.

Ubaya wa njia hii ni kwamba mtoto hapati nafasi ya kuzoea chochote. Analala na vidole vyake, anaamka navyo vimebadilika, na hakuna aliyemwambia. Tangu alipoamka mara ile, kusinzia kulikokuwa kunachukua dakika 20 kukawa saa nzima, wakati mwingine saa na nusu. Mimi nilidhani ni joto. Wifi aliona ngumi usiku wa kwanza tu.

Jumanne jioni ndipo mambo yaligeuka, nami sikuyageuza. Mkubwa alikuwa kwenye beseni, mikono majini, anatazama mapovu yanavyopasuka. Wasomaji wa zamani mnajua maneno yake mengi ni ya mwangwi: analibeba neno alilolisikia, linaweza kukaa siku au wiki, kisha analitoa likiwa zima. Watu hudhani ni kasuku, na nimeshaeleza kwa nini si hivyo; kwa watoto wengi ndiyo njia ya kuingilia kwenye lugha, kipande kizima kwanza, kukivunjavunja baadaye. Na kipande hicho mara nyingi hakiji na maneno peke yake, kinakuja na mahadhi yake. Akasema, polepole:

"Kwani inamuuma?"

Ilikuwa sauti ya wifi. Ule utaratibu wake, yale mapumziko madogo baada ya "kwani", na mwishoni sauti inapanda. Inapanda, jamani. Na kwenye "-uma" ilikuwa imelainika, kama mtu anayegusa kidonda cha mwenzake. Akarudia mara tatu akiwa kwenye maji, mara mbili akivaa, na kila mara sauti ilipanda palepale.

Nilikaa pembeni ya beseni. Wifi hakunishutumu. Alikuwa ameniuliza kitu ambacho nilipaswa kuwa nimekiuliza mimi, na nilimfungia mlango.

Basi nikaanza kutafuta jibu la swali lake. Kanuni aliyotufundisha mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yule anayemsaidia mtoto kumudu shughuli za kila siku, ni moja: kitu ambacho mtoto anakikataa kina sehemu nyingi, kitenganishe, ujaribu sehemu moja moja, usichanganye mbili kwa mara moja. Kukata kucha kuna kushikwa mkono, kuna ubaridi wa chuma, kuna kubanwa, kuna ule mlio, kuna kuona kipande cha mwili wako kinadondoka.

Jumanne hiyohiyo usiku nilikata kucha zangu mwenyewe upande wa pili wa chumba, bila kumtazama. Alipeleka mikono masikioni. Hakuificha kwapani, aliziba masikio. Nikaandika.

Jumatano asubuhi nilimbinya ncha za vidole, kimoja kimoja, kati ya kidole gumba changu na cha shahada, kwa nguvu ya kutosha kufanya ncha iwe nyeupe, sekunde tano kila kimoja. Alinipa mkono wa pili bila kuombwa. Kwa hiyo kushikwa hakumsumbui, ilimradi mshiko uwe imara. Mguso mwepesi wa kutekenya ndio unaomrusha. Mchana niliweka chuma juu ya kucha bila kukata. Alikunja uso, akavumilia. Jioni nikajaribu mkasi mdogo wenye ncha butu, nikifikiri kwa kuwa hauna mlio tumemaliza. Hapana. Ule ubapa wa baridi unaoteleza chini ya kucha ulimfanya aruke kabla sijafunga mkasi. Tupa ya kucha nilishaijaribu zamani, mkwaruzo wake anausikia menoni. Nikamwekea vile vizuia sauti vya masikioni na kushika kikata kucha: akakubali kukaa, lakini mkono ukawa mgumu kama ubao na macho hayakubanduka kwenye chuma. (Vizuia sauti tunavitumia kwa dakika chache za jambo mahususi tu. Mtoto akivivaa kutwa, masikio huzoea ukimya na sauti za kawaida zinakuja kuwa kali kuliko mwanzo.)

Kwa hiyo mlio unamsumbua, lakini kuuondoa hakukutosha. Kuna kitu kingine, na nilikikumbuka saa tano usiku. Yule daktari Leo Kanner, aliyeandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 ambao leo tungesema wana usonji, alieleza hofu yao ya sauti kubwa na ya vitu vinavyotembea. Lakini aliongeza jambo ambalo huwa tunalipita: kwamba mtoto huyohuyo anaweza kupiga kelele kubwa kama ile anayoiogopa, tena kwa furaha, akiwa yeye ndiye anayeipiga. Nikawaza Mkubwa na vifuniko vya sufuria. Nikawaza kwa nini mtu hawezi kujitekenya: ubongo unaojua mguso unakuja saa ngapi na kwa nguvu gani unaupunguza kabla haujafika. Ukitoka mkononi mwa mwingine, unafika mzima.

Jana, Alhamisi, nilimpa kikata kucha na kipande cha kadi ngumu. Nilimwonyesha mara moja kisha nikanyamaza, nikahesabu kumi kimoyomoyo, maana ukirudia maelekezo kabla hajayamaliza ya kwanza anaanza upya kuyachambua. Alibonyeza. Tak. Akabonyeza tena. Kadi ikawa na meno kama msumeno, mibonyezo isiyopungua 20, na masikio yako wazi kabisa.

Kilichofuata nakiandika kwa hatua zake kwa sababu naamini kitawafaa wengine. Mikono ikae kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi, kucha ilainike. Kucha laini inakatika kwa mlio mdogo na mkunjo mdogo. Kausha kwa kubana na taulo, usisugue. Mkalishe mapajani, mgongo wake kifuani kwako, wote mkitazama upande mmoja, ili kidole chake ukione kama unavyokiona chako. Binya ncha ya kidole sekunde tano. Wewe ndiye unayeweka meno ya chuma mahali pake, ukivuta nyama ya ncha chini kwa kidole gumba na kuacha ule mstari mweupe kidogo, kwani ukifika kwenye nyama umepoteza miezi. Kisha acha. Kidole chake cha mkono mwingine kiko juu ya kile kipini cha kubonyezea, na yeye ndiye anayebonyeza, atakapotaka. Usiseme "haya". Usiseme "bonyeza". Mkono wako usitikisike.

Alikaa muda mrefu. Nilisikia moyo wake mgongoni mwake, unagonga kifua changu. Kisha akabonyeza, na kipande cha kucha ya gumba kikaruka hadi mlangoni. Akakifuata, akakiokota, akakiangalia kwenye mwanga, akaniletea.

"Moja," akasema. Neno lake mwenyewe. Sijamsikia mtu akilisema kwa sauti ile.

Tukaishia hapo, ingawa tamaa ya kuendelea ilikuwa kubwa. Kucha moja kwa siku inatosha, na hesabu yake inakubali: kucha za mikono huota takriban milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo siku kumi ni milimita 1. Ukimaliza kidole cha kumi, cha kwanza kimefika zamu yake. Za miguuni huota kwa nusu ya mwendo huo au pungufu, zinaweza kungoja wiki tatu au nne, na hizo zikatwe kwa mstari ulionyooka bila kuchimba pembeni, zisije zikaingia ndani ya nyama.

Leo amefanya cha shahada. Nimechora vidole kumi kwenye kadi na viwili vimepakwa rangi. Usiku huu nimeingia chumbani mara mbili kumtazama: mkono mmoja bado ngumi, mwingine umefunguka juu ya mto.

Wifi sijampigia. Nimeandika ujumbe nikaufuta mara tatu, kwa sababu kila nikianza na "samahani" naishia kumweleza habari za neva. Nadhani nitampigia tu Mkubwa akiwa karibu, nimwambie: hapana wifi, haimuumi, alikuwa hajui itakuja lini. Na wewe ndiye uliyeuliza.

Ila kuna jambo jingine. Jioni, wakati anapiga mswaki, nimeona jino la mbele la chini limeinama kidogo. Nikaligusa kwa ncha ya mswaki, likacheza. Ana miaka sita, ni umri wake, najua. Lakini huyu anatafuna kola za mashati kutwa, ladha yoyote mpya mdomoni inamtoa machozi, na damu itakuwa na ladha. Nina picha za kumwonyesha mapema kitakachotokea: za kuosha nywele, za kuvaa viatu, za kwenda kwa daktari. Picha ya kitu kinachong'oka mwilini peke yake sina, na sijui nianze kuichora vipi. Bado hajaligundua. Ulimi wake hautachelewa.