Mzee Jimu na boksi la juu ya kabati

Kwetu Tabora, kota za reli, watu walikuwa wanamuita baba yangu Mzee Jimu, na mpaka leo kuna wazee pale stesheni ukiwauliza jina lake halisi wanaanza kukuna kichwa. Jimu mwenyewe ni Jim Reeves, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani. Baba alikuwa na kaseti nyingi tu za kwaya na za dansi, ila za kizungu zilikuwa mbili, TDK za dakika 90, moja ya Jim Reeves na nyingine ya Charley Pride, naye wa kantri, zote alirekodiwa na rafiki yake mmoja kabla hajahamishwa kikazi na hatukumuona tena. Ile ya Jimu iliandikwa kwa kalamu ya bluu JIMI RIVSI, chini yake kwa nyekundu USIFUTE.

Watu walikuwa wanamshangaa, yani uko Tabora, mji wa bendi za dansi, mji wa Tabora Jazz, mji wa Kiko Kids, afu unakaa unasikiliza mtu wa Texas analia lia na gitaa. Jibu lake lilikuwa moja siku zote: "Tabora Jazz ni ya kucheza, Jimu ni wa kukaa." Na kweli alikuwa anakaa. Jumapili tukishatoka kanisani (sisi ni Moravian) anatoa redio kaseti nje anaiweka juu ya stuli chini ya mwembe, betri ameshazianika juani tangu asubuhi zipate nguvu, kaseti anairudisha nyuma kwa kalamu ya Bic, anazungusha taratibu kama mtu anayesuka kamba, maana kurudisha kwa redio kunakula betri. Afu anakaa. Mguu juu ya mguu, macho anafumba, na hapo hata mgeni akija anapewa kiti tu, salamu baadaye.

Kuna ule wimbo wa simu, uliotamba sana 1960, jamaa anaongea na mwanamke kwenye simu anamwambia asogeze mdomo karibu, na kumbe huko aliko huyo mwanamke kuna mwanaume mwingine kakaa pembeni. Baba alinitafsiria nikiwa na miaka kama 9 hivi na kwakweli sikuelewa kabisa. Sio mapenzi, mapenzi nilielewa, nilichokwama ni simu. Simu niliyokuwa naijua mimi ni ile ya stesheni, unaipiga kelele mpaka Itigi wanakusikia bila waya, sasa huyu anawezaje kunong'ona kwenye simu na akasikika? Nimekuja kusoma ukubwani kwamba ndio ilikuwa staili yake, alianza kuimba kwa sauti ya chini mdomo karibu kabisa na maiki, wakati waimbaji wengi wa kantri walikuwa wanapaza.

Sasa baba alikuwa na Jimu wake, na mimi nilikuwa na wachezaji wangu.

Hizi picha za wachezaji tulikuwa tunatengeneza wenyewe, hakuna duka lililokuwa linauza. Gazeti linakuja na treni kutoka Dar, limeshachelewa, abiria wanaliacha kwenye behewa, baba analileta nyumbani, mama anataka kufungia vitu na mimi nataka ukurasa wa michezo, kwahiyo ni kuviziana. Unakata picha ya mchezaji kwa wembe, polepole, ukikosea sikio limeenda. Afu unatafuta pakiti ngumu ya sigara, Embassy au Sportsman, Tabora ni mji wa tumbaku bana pakiti hazikosekani, unaikata saizi ya kiganja, unabandika kwa uji mzito wa unga wa muhogo, unaiweka chini ya godoro usiku mzima. Asubuhi una Mwameja, kipa wa Simba. Kwa nyuma unaandika jina, timu, na kama una mwandiko mzuri unaongeza na namba. Nilikuwa na Mohamed Mwameja watatu, Edward Chumila mmoja, Malota Soma mmoja kichwa kimekatika kidogo, na wa Yanga pia nilikuwa nao wa kubadilishana, Lunyamila mmoja alikuwa anabeba hata Simba wawili ukikutana na mtoto mwenye shida naye. Mchezo wenyewe ni wa vumbini, mnaweka picha zimelala kifudifudi, unapiga kiganja pembeni yake paa, upepo ukiigeuza ni yako. Nilikuwa na picha sitini na kitu kwenye boksi la viatu vya Bata na nilikuwa nalala nalo karibu na kichwa.

Novemba 1993. Wenye umri wangu mshajua naenda wapi. Simba fainali ya Kombe la CAF na Stella Abidjan, kule kwao tumetoka 0-0, marudiano Dar, nchi nzima imeshabeba kombe kichwani. Mimi nikaona hii mechi lazima niwe nayo, irekodiwe, niisikilize mpaka nizeeke. Kaseti tupu sina. Nikafungua droo ya baba. Ile ya Jimu alikuwa ameshavunja vimeno vya nyuma ili isirekodike, ila kila mtoto wa kipindi kile anajua dawa yake, unaziba pale kwa karatasi. Mimi nilikunja kipande cha pakiti ya Sportsman, kikaingia vizuri kabisa kama kimetengenezwa kwa kazi hiyo. Nikabonyeza vitufe viwili pamoja. Kipindi cha kwanza upande A, mapumziko nikageuza, kipindi cha pili upande B. Nilikuwa naangalia ile tepu inazunguka huku naona kabisa kwamba nafanya jambo la akili.

Tukafungwa 2-0.

Kwahiyo nimemfuta Jimu pande zote mbili ili nihifadhi kipigo. Na kile kipande cha pakiti nilisahau kukitoa.

Jumapili iliyofuata baba katoka kanisani, kaweka stuli, kazungusha kalamu, kabonyeza, kakaa, kafumba macho. Badala ya gitaa ikatoka kelele ya Uwanja wa Taifa. Akafumbua jicho moja. Mimi niko nyuma ya pipa la maji natetemeka. Sasa kitu ambacho sijakisema ni kwamba baba ni Yanga, Yanga ile ya damu, na naapa yule mzee alisikiliza upande wa kwanza wote, akageuza, akasikiliza na wa pili mpaka filimbi ya mwisho, na pale kwenye magoli alirudisha nyuma kwa kutumia redio, betri ziende tu. Ndio akakumbuka kukasirika. Hakunipiga. Alisema, "Lete wachezaji wako." Nikaleta boksi. Akalifunga kwa kamba ya katani, akapanda stuli, akaliweka juu ya kabati lao chumbani. "Hawa wako rumande mpaka Jimu arudi."

Jimu hakurudi. Waliokuwa wanarekodi kaseti mjini walikuwa na vitu vingine, afu mimi nikaenda bweni, nikaja Dar, maisha yakaanza kunikimbiza. Huku ukubwani nilishajaribu mara mbili tatu kumchezea baba kwenye simu yangu akasema hiyo sauti ni ya mbu, toa.

Miaka michache iliyopita nikiwa nimekosa usingizi nikaanza kumsoma huyu Jimu, nikakuta jambo lililonifanya nikae kitandani wima. Kumbe Jim Reeves alikuwa anataka kuwa mchezaji wa besiboli! Alizaliwa Texas 1923, akasajiliwa na timu za chini za St. Louis Cardinals kama mrushaji, akaumia mguu, mshipa wa fahamu, mpira ukaisha, ndio akaenda kuwa mtangazaji wa redio na huko ndiko uimbaji ulikomkuta. Akafa Julai 31, 1964 na miaka 40, anarusha ndege mwenyewe, dhoruba ikawakuta karibu na Nashville. Nikasema ngoja nimuangalie na yule mwingine. Charley Pride naye hivyo hivyo! Mtoto wa wakulima wa pamba Mississippi, alicheza Memphis Red Sox kwenye ligi za weusi, muziki ukaja baadaye. Na huyu Charley Pride nilikuwa najua maisha yangu yote ni mzungu, maana kaseti ya kurekodi haina picha. Kumbe hata Wamarekani walifanyiwa hivyo, nyimbo zake za mwanzo mwaka 1966 kampuni ilizipeleka redioni bila picha yake. Nikampigia baba kumwambia Charley Pride ni mweusi, akanyamaza kidogo, akasema "sasa wewe ulidhani nani?"

Kutoka hapo nikaangukia kwenye kadi za besiboli na nikapotea mpaka alfajiri. Wenzetu walikuwa na picha za wachezaji zilizokuja na pakiti za sigara kabisa, zile maarufu za 1909 mpaka 1911, kadi ilikuwa inasaidia pia pakiti isijikunje, baadaye zikahamia kwenye bablishi. Yani kile kile, Embassy na uji wa muhogo, ila wao kiwandani. Kadi moja ya Mickey Mantle ya 1952 iliuzwa 2022 kwa dola milioni 12.6, kama bilioni 29 za kwetu kwa dola ya kipindi kile. Na sababu kubwa ya zile za zamani kuwa adimu ni mama zao, mtoto akihama nyumbani mama anasafisha chumba, boksi linaenda jalalani. Hata kampuni yenyewe iliyozitoa, Topps, aliyezibuni alisimulia kwamba maboksi yaliyododa ya 1952 walienda kuyamwaga baharini. Zile za mwisho wa miaka ya 80, ambazo kila mtu alizitunza kwa akili eti zitakuja kuwa mali, zilichapwa nyingi mno na leo nyingi hazinunui hata soda.

Desemba iliyopita nikapanda treni kwenda nyumbani na spika, sio ya mbu, spika ya maana, na flashi yenye Jimu wote niliyempata. Jumapili mchana mwembe ule ule, stuli nyingine. Nikaanza na ule wa simu. Baba alifumba macho, mkono ukawa unatafuta kitu juu ya goti, nadhani kalamu. Wimbo ukaisha, akakaa kimya, afu akasema bila kufumbua macho, "Haya, Jimu karudi. Kapande kabatini."

Nimepanda na miaka yangu hii. Boksi lipo, kamba ya katani ipo, vumbi kidole kizima. Nikalileta nje, likawa jepesi kuliko ninavyokumbuka ila nikasema picha hazina uzito. Baba akafungua fundo mwenyewe. Ndani kulikuwa na risiti za umeme, pateni ya kushonea gauni la mama, na kandambili moja ya mtoto.

Mama kasimama mlangoni na mwiko. "Zile takataka? Si niliwashia jiko mwaka ule ule, mvua ilinyesha wiki nzima mkaa umelowa. Pakiti za sigara zinashika moto vizuri."

Baba akamgeukia. "Mama Shija, mimi nimemwahidi mtoto!"

"Mtoto yupi, huyo mwenye mvi?"

Baba akaniangalia mimi, akaangalia boksi, miaka thelathini analinda risiti za umeme. Afu akaninyooshea kidole kwenye spika, "Rudisha mwanzo," na mama akauliza hiyo kitu inatumia betri ngapi.