Farasi mchanga na kazi ya ng'ombe huku Kongwa

Farasi wangu jike amefikisha miaka 4, na tangu kiangazi kianze tunajifunza pamoja kuswaga ng'ombe katika malisho ya jamaa zangu upande wa Kongwa, mkoani Dodoma. Tandiko amelizoea, lijamu, kile chuma cha kinywani, haimsumbui, husimama nikivuta hatamu kidogo, hurudi nyuma bila kubishana, na mguu wangu ukimgusa husogea kiubavu. Hayo yote aliyajua kabla hajasogezwa karibu na ng'ombe hata mmoja, na kwa maoni yangu ndivyo inavyopasa, kwa kuwa mbele ya kundi mpandaji hapati nafasi ya kuanza kumfundisha farasi kusimama.

Huku kwetu ng'ombe huchungwa kwa miguu na fimbo, na wa kubebeshwa maji ni punda, kwa hiyo farasi akipita watoto hutoka nje kumtazama. Lakini nchi yenyewe ni pana. Ardhi ambayo serikali ya Uingereza ilianza kuilima karanga mwaka 1947, ikaiacha mwaka 1951 baada ya ukame na udongo mgumu kuushinda mradi ule, sehemu yake iligeuzwa kuwa malisho, na Ranchi ya Kongwa imetokana na historia hiyo. Katika mahali pa namna hii mtu aliye juu ya farasi huwaona ng'ombe waliojitenga nyuma ya migunga, akawafikia kabla jua halijawa kali.

Somo la kwanza ni kufuata tu. Tunachagua ng'ombe mpole aliyezoea watu; akitembea tunatembea nyuma yake kwa pembeni, akisimama nasi tunasimama. Farasi ameumbwa kukimbia kile kinachomtisha, na mnyama mwenye pembe akimkabili, wazo lake la kwanza ni kuondoka. Mnyama huyo huyo akiwa ndiye anayeondoka kila farasi anaposogea, hofu huanza kugeuka kuwa hamu ya kujua. Mabadiliko hayo nayaona masikioni mwake. Mwanzoni sikio moja hunielekea mimi na jingine humwelekea ng'ombe, shingo imeinuka na pumzi inatoka kwa mikoromo mifupi. Tukiendelea kufuata, masikio yote mawili huelekea mbele, shingo hushuka, na chini ya goti langu nahisi misuli ya bega ikilegea. Hapo hapo namsimamisha, nalegeza hatamu na kumwacha ng'ombe aende zake. Kwangu mimi wakati ule wa kulegeza ndio somo lenyewe, maana farasi hushika kile kilichomletea nafuu, na nikichelewa kidogo tu atadhani nafuu imetokana na jambo jingine.

Baada ya hapo ndipo mpandaji anapohitaji kumjua ng'ombe vizuri kuliko anavyomjua farasi. Kila ng'ombe ana eneo linalomzunguka; ukiliingia anaondoka, ukitoka anatulia. Ng'ombe wa maziwa anayeshikwa kila siku karibu hana eneo hilo, ilhali zebu, ng'ombe wa nundu, aliyekulia porini huweza kuondoka ungali mbali. Bega lake ndilo mpaka: ukiwa nyuma ya bega huenda mbele, ukilipita kuelekea kichwani husimama au kurudi. Temple Grandin, mtaalamu wa Marekani wa tabia za mifugo, ameyaeleza mambo haya kwa michoro iliyonisaidia sana, na wachungaji wa Kigogo wanayajua bila mchoro wowote. Mzee anayelisimamia kundi letu aliniona nikiwa nyuma kabisa ya mtamba mmoja, akaniita.

"Mwanangu, mtoe huyo farasi nyuma ya mkia. Huko haonekani, na ng'ombe asipokuona atageuka akutafute."

"Sawa, baba. Nikae upande gani?"

"Upande ambao hutaki aende."

Nilimsogeza farasi hatua chache kushoto, na mtamba akashika njia ya kulia, kuelekea birika la maji, bila mtu kupaza sauti. Ninampenda sana mzee huyu kwa namna anavyoongea na wanyama na watu kwa sauti ile ile moja.

Ng'ombe aliyezaa karibuni hatumsogelei kabisa, kwa sababu akimrukia farasi mchanga mara moja tu, kazi ya wiki nyingi huenda bure. Muda wa kila zoezi nao ni mfupi. Mifupa ya mgongo wa farasi ni ya mwisho kukomaa, na wa miaka 4 bado anakua, kwa hiyo kona kali za mbio na kusimama kwa ghafla havimo katika mazoezi yetu. Jioni, kabla ya giza, huingizwa bandani kwa sababu ya usubi wanaoeneza ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoua haraka mno, na vichaka vyenye mbung'o tunavikwepa kwa hofu ya nagana, ugonjwa wa mifugo wanaoueneza.

Sasa tumeanza kazi ya langoni, siku za kuogesha. Ng'ombe hupitishwa kidogo kidogo kuelekea josho, nasi tunasimama pembeni mwa lango kuwazuia mitamba wasirudi zizini. Asubuhi moja mtamba mwekundu aliinamisha kichwa akajaribu kupenya, na kabla sijagusa hatamu farasi alikuwa amekwisha kuhamisha miguu ya mbele hatua moja kumzibia, taratibu, masikio yakimwelekea. Mtamba akageuka. Nilimsifu kwa kumpapasa shingo, nikashuka, nikamlegezea ukanda wa tandiko ingawa ng'ombe walikuwa wamebaki wengi. Mzee na vijana wakawamalizia kwa miguu. Kamba ya kukamatia ndama sijaifunga kwenye tandiko, wala sitaifunga mpaka aweze kusimama langoni, ndama wakimpita pande zote mbili, hatamu zikiwa zimelegea.